Ubaridi na Salamu

Mwaka ule wa uhuru, mfanyabiashara mmoja wa hapa Mwanza alinunua gari lenye mashine ya baridi. Niliomba lifti hadi Nyegezi niuonje huo ubaridi, lakini nilichokipata ni joto. Mbele, kando ya mfanyabiashara aliyeendesha mwenyewe, alikaa fundi wake, aliyekwisha kukagua mkanda, feni na gesi.

"Mashine ni nzima," fundi akamwambia. "Wewe unashusha kioo kwa kila tunayempita."

"Sasa nitawasalimiaje?"

"Punga mkono tu. Funga."

Akafunga. Ubaridi ukaja, vinyweleo vikanisimama. Mara tukamkuta bibi mmoja na kapu la dagaa kichwani. Fundi akashusha kioo chake, akatoa kichwa nje.

"Shikamoo, mama."

Joto likarudi. Nadhani aliyeunda gari lile kwao watu hupitana kimya.