Mkuki Mlangoni mwa Ghala la Bunduki

Kabla hatujaingia katika nyumba ya wakweze, kule Malvern, Johannesburg, binti yangu alinishika mkono wa koti. "Baba, leo usimhoji mtu. Nakuomba."

Alikuwa na sababu. Aliolewa kwetu Tanzania na kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na baada ya uchaguzi uliomaliza ubaguzi wakahamia huko Johannesburg. Wifi yake mkubwa hakumtaka. Alimwita mgeni aliyefuata matunda ya uhuru wa wenzake, na kila wiki alimshauri kaka yake amrudishe kwao. Aliyesimama kati yao alikuwa mtu mmoja tu, baba mkwe, mzee aliyekwenda Vita vya Pili vya Dunia. Neno lake likigeuka, binti yangu hana pa kukaa.

Nilikubali. Lakini nilikuwa nimefundisha historia maisha yangu yote, na maelezo huyapokea kama hakimu apokeavyo ushahidi: aliyeona aseme, aliyesikia anyamaze.

Tulipokuwa tukila, mzee alianza kusimulia jinsi serikali yao ilivyokusanya jeshi. Kiswahili chake alikiokota katika kambi za Kenya, jeshi lao lilipokuwa likielekea Uhabeshi, na kilikuwa kikavu kama amri. Wazungu walijitolea, alisema, na walioapa kupigana nje ya nchi yao walishonewa vitambaa vyekundu mabegani. Weusi waliitwa kupitia machifu.

"Nyumbani njaa. Chifu nasema, kwenda. Mimi kwenda. Wao napa kaki, napa viatu, napa mkuki."

Niliweka kijiko chini. Binti yangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Mkuki?" niliuliza.

"Mkuki. Bunduki ya Mzungu tu."

Nilipokuwa mtoto niliwaona askari wetu wakipanda treni, kaka yangu miongoni mwao, kila mmoja na bunduki begani. Walikuwa weusi kama mzee huyu, chini ya mfalme yuleyule wa Uingereza, katika vita vilevile. Sikuweza kumeza nililoambiwa.

"Mkwe," nilisema, "samahani. Serikali gani yenye akili itampeleka mtu kwa mkuki mbele ya vifaru? Hayo uliyaona, au ni masimulizi ya kambini?"

Wifi hakujua Kiswahili, lakini uso wa mtu aliyetukanwa hauhitaji mkalimani. Akamgeukia kaka yake, akauliza kwa Kiingereza. "Amesema nini?"

Mkwe wangu kijana alitazama sahani yake.

Mzee akatafsiri mwenyewe. "Anasema mimi mwongo."

"Eish! Mmesikia?" Wifi alisimama. "Mnamlisha, naye anamtukana baba katika nyumba yake! Makoti, mchukue baba yako, mwende wote wawili." Kwa Kizulu makoti ni mke aliyeolewa ukooni, lakini alivyolitamka yeye, lilikuwa kama jina la mdudu.

Binti yangu hakulia. Alianza kukusanya sahani, kama mtumishi aliyekwisha kupewa notisi.

Mzee akainuka. Alichukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akausimamisha kando ya mguu wake wa kulia, mpini juu. Mgongo wake uliopinda ukanyooka polepole. Kisha akauinua, akausukuma mpini mbele kwa mkono mmoja kama anayechoma, mwili ukabaki wima, macho yakinitazama bila kupepesa. Nimeona magwaride mengi. Askari wa bunduki hufundishwa kuchoma kwa singe, kwa mikono miwili. Mwili ule ulikuwa ukikumbuka silaha nyingine.

"Misri," alisema. "Ghala. Ndani bunduki, nyingi, nalala katika sanduku. Mimi nje, na mkuki, nalinda bunduki. Mwizi nakuja na bastola, mimi nafanya nini?"

Akaugonga ufagio sakafuni.

"Sasa mimi nauliza. Kaka yako kwenda vita wapi?"

"Burma."

"Yeye piga risasi Burma?"

"Alipiga."

"Wewe naona?"

"Sikuona, mkwe. Alinisimulia."

"Aa! Masimulizi ya kambini!"

Mkwe wangu kijana ndiye aliyecheka kwanza, akajifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akacheka mzee, kwa kikohozi kirefu, akiegemea ufagio. Alipopata pumzi alimwita binti yangu, akamwondolea sahani mikononi, akamkalisha kwenye kiti kilicho ubavuni pake.

Akamwambia wifi kwa Kizulu maneno machache, bila kupaza sauti; nililoelewa ni moja tu, makoti, naye alilitamka kwa upole. Wifi akaleta birika, akammiminia binti yangu chai kabla yetu wanaume, akijaza kikombe hadi kikamwagika kwenye kisahani.

"Asante, wifi," alisema binti yangu, akanywa.