Mafungu ya Katunge

Katunge alikuwa akinunua magunia makuukuu mjini Thika, anayaziba, anayauza tena. Alianza na manne yaliyotoboka na shazia moja, ile sindano nene ya kushonea magunia. Kufikia mwaka wa hamsini na saba, wenye kahawa walikuwa wakimtafuta wenyewe. Shule hakuiona, lakini kumuuzia gunia bovu ilikuwa kazi bure. Angeingiza mkono, auzungushe, na kidole kingetokeza pale ulipoombea kisitokeze.

Kazi alifundishwa na Chunilal, mwenye duka aliyemuuzia kwa jumla. Mwanzoni Katunge alilalamika kila mara kwamba anapewa mabovu. Chunilal alipochoka, akasema mmoja wao apange magunia mafungu mawili na mwingine achague kwanza. Hawakugombana tena, na Katunge akaipeleka kanuni hiyo sokoni kwa wateja wake. Ukijua mwenzako ndiye atakayechagua, utapanga kwa haki hata kama inakuuma.

Kila Jumapili alasiri ushirika wetu wa maombi ulikutana kwake. Tulianza sita, tukafika thelathini na wawili. Wengine waliketi juu ya magunia, wengine walisikilizia dirishani, na wa Ruiru walitoka katikati ya maombi ili wawahi basi kabla ya kafyu. Tukaamua kugawanyika, Dismas, mchonga mawe wa Ruiru, aongoze wa huko. Wa Thika wabaki, wa Ruiru waende; hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya watu kumi waliokaa katikati, kwenye mashamba ya kahawa. Hao walisema wataenda watakakopangiwa.

Mmoja wao alikuwa Kanini. Ndiye aliyetuanzishia nyimbo tangu tukiwa sita, na ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia Katunge amekosea na asitimuliwe. Katunge hakutaka kumwachilia. Kwa hiyo akajitolea kupanga.

Fungu la kwanza aliweka Kanini na wanne hodari wa kuomba. La pili aliweka Ndung'u, aliyesinzia ibada ikianza tu. Bedan, ambaye ushuhuda wake ulianzia utotoni na haukuwahi kufika siku aliyookoka. Na watatu waliokuja tu mvua isiponyesha. Akatangaza kwamba la kwanza litabaki Thika.

Dismas, aliyewahi kupakia magunia kwa Chunilal, akakuna kidevu.

"Dada Katunge, mafungu umepanga wewe?"

"Nimepanga mimi."

"Basi nachagua mimi."

Nyumba nzima ilicheka isipokuwa Katunge. Angeweza kukataa, nyumba ni yake. Lakini angekataa, Jumatatu sokoni nani angekubali mafungu yake? Akaomba apange upya, akakubaliwa. Safari hii alimfunga Kanini pamoja na Ndung'u na Bedan, akitumaini kwamba mzigo huo utamtisha mnunuzi.

"Nachukua la Kanini," Dismas akasema papo hapo. "Ndung'u naye akalale Ruiru."

Kanini alipokuwa akitoka, alisimama mlangoni. "Ungetaka nibaki, si ungeniomba tu."

"Ningekuomba, ungebaki?"

"Hapana," Kanini akasema, akakimbilia basi.

Jumapili iliyofuata tuliketi tukitazamana, hakuna wa kuanzisha wimbo. Mwishowe Katunge alianzisha mwenyewe kwa sauti ya kuitia wateja, juu mno, na kufikia ubeti wa pili tulikuwa tunapiga kelele tu. Wa tatu aliushusha. Baada ya mwezi alikuwa amezoea kuanzisha, nasi tulikuwa tumemzoea. Waliokuwa wakisikilizia dirishani waliingia ndani wakapata pa kuketi, nao wakaleta majirani.

Mwaka haujaisha, kondakta wa basi akaleta salamu za Dismas. Ruiru wamejaa, wanagawanyika, na kikundi kimoja kitaenda Gitothua. Dismas alikuwa anauliza kama inaruhusiwa kumweka Kanini kando kwanza, kabla ya kupanga mafungu.

Katunge alicheka mpaka shazia ikamtoka mkononi.

"Mwambie hairuhusiwi," akasema, akaiokota na kuendelea kushona.