Umeme ulikatikia kwangu peke yangu

Leo umeme umekatika kwenye kompyuta moja tu, mtaa mzima wa Tanambao unawaka taa.

Asubuhi nilimbadilishia shangazi prosesa, ule ubongo wa kompyuta yake, nikamwekea yenye nguvu. Nikajigamba: fundi ni mimi, nyinyi wengine mnapangusa vumbi tu.

Shangazi akaalika wakwe wapya waje kuona video ya harusi ya mwanawe.

Bibi harusi anatoka tu mlangoni, kompyuta ikazimika.

Nikawahi, "Umeme huo, shangazi. Si mnaujua mji wetu?"

Shangazi akatazama juu. Feni inazunguka, tena kwa raha zake.

"Umekatikia kwako peke yako, mwanangu?"

Wakwe wakacheka mpaka machozi.

Kumbe pawasaplai ya zamani, ile inayoigawia kompyuta umeme, imeshindwa kuilisha prosesa mpya. Nikarudisha prosesa ya mwanzo, bibi harusi akatoka.

Fundi bado ni mimi. Anayebisha aandike hapa chini, ila azime feni yake kwanza.