Ukuta kati ya Pekin na Washington

Kwa jumla jambo lile lilitugharimu kaka mmoja, baba mdogo mmoja ambaye bado yuko hai, na chumba cha kulala cha wazazi wangu. Nimehesabu mara mbili, kwa kuwa ndiyo tabia inayonilisha sokoni, na mara zote mbili hesabu imetoka vilevile. Harufu siiweki kwenye hesabu, maana hiyo tulipewa bure, kama nyongeza anayopewa mteja mwema. Ni harufu ya tairi linaloungua pamoja na pilipili kavu. Kwanza inakuwa tamu kidogo puani, kama kitu kinachokaangwa, kisha inakukaba koo na kukutoa machozi ambayo hayana huzuni yoyote. Mpaka leo, mtu akichoma takataka hapa Ruashi na humo ndani mna kipande cha tairi, mimi hufunga kibanda changu na kwenda upande wa pili wa soko kununua kitu nisichokihitaji.

Kilikuwa kiangazi, na kiangazi cha Lubumbashi si mchezo: asubuhi baridi inafanya vidole vikatae kufunga vifungo vya sare ya shule, mchana vumbi jekundu linalala juu ya bukari, ugali wetu, kama kiungo. Mara kwa mara mgodi wa jirani ulipiga baruti zake na sufuria za mama zikaitikia rafuni. Babu yangu, aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, alituachia kiwanja kimoja na wana wawili, baba yangu na mdogo wake. Wana hao walijenga nyumba mbili na kuweka katikati ukuta wa matofali ya kichuguu, mfupi kiasi kwamba bakuli la sombe, kisamvu chetu, lilipita juu yake bila kumwagika. Mama alipeleka chumvi, Mama Ngalula, mke wa Baba Mdogo, akarudisha bakuli na ndizi ndani, kwa sababu chombo cha ndugu hakirudi kitupu. Ndipo watu wakagundua kwamba mawe ya kijani na meusi, ya shaba na kobalti, hayajui uzio wa mgodi. Mshipa ulitoka huko, ukapita chini ya barabara, ukaja kulala chini ya kitanda cha wazazi wangu, na baba akachimba hapohapo chumbani.

Mchimbaji hana chakula cha kulingojea jiwe, kwa hiyo anatafuta sponsa. Sponsa humlisha, humpa taa, kamba na sepetu, na jiwe likitoka ni yeye peke yake wa kulinunua, kwa bei aliyoiota usiku. Kwetu alikuja mmoja tuliyemwita Papa Viatu, kwa sababu alitembea na viatu vyeupe katika vumbi lile na havikuchafuka, jambo ambalo peke yake lingetosha kutuonya. Alisema mawe yake yanakwenda kwa Wazungu, mpaka Amerika. Ng'ambo ya ukuta, kwa Baba Mdogo, akaja Papa Miwani, ambaye mawe yake yalikwenda katika depo, yaani ghala la kununulia, ya Wachina. Mtaa haukuchelewa: kwetu kukaitwa Washington, kwao Pekin. Mmarekani wa Washington sikumwona hata siku moja. Mkubwa wetu alikuwa huyo Papa Viatu, mtu wa Kasomeno aliyewahi kuuza samaki wakavu. Pekin walau ilipata Mchina wake. Alikuja mara moja, akachungulia shimo lililokuwa katikati ya sebule, akapewa kiti, akaondoka kabla kiti hakijapata joto.

Shimo likienda chini sana hewa huisha, na hapo ndipo zilipoanza mashine. Papa Miwani alileta mashine ndogo ya kupuliza hewa kupitia mpira mrefu. Kabla ya wiki kuisha Papa Viatu akatuletea kubwa zaidi. Pekin wakajibu kwa nyingine yenye jenereta yake, iliyonguruma mpaka kuku wakahama kiwanja. Hakuna aliyeuliza kama mashimo yalihitaji upepo wote ule. Mwanzoni ndugu wawili walitaniana juu ya ukuta.

"Yaya, machini yako inakohoa," alisema Baba Mdogo, maana kaka mkubwa kwetu ni yaya. "Upeleke ku hospitali."

"Haikohoe, mudogo wangu. Inaceka ile yako."

Lakini utani ulikauka kabla ya nguo. Papa Viatu alimwambia mama kwamba chumvi inayovuka ukuta inavuka na siri. Papa Miwani, nasikia, alisema hayohayo kuhusu ndizi. Bakuli la mwisho la Mama Ngalula lilibaki kwetu, na mama akalitumia kulishia bata. Jioni baba alisikiliza redio, na mkubwa mmoja wa dunia akimtishia mwenzake, baba alitikisa kichwa na kusema, "Safari hii hatutabaachia." Alimaanisha sisi na Amerika. Baba yangu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote maishani ilikuwa mpaka Kasumbalesa, na hata huko alirudishwa mpakani.

Wachimbaji wana desturi yao. Mashimo mawili yakitobokeana chini, hakuna anayeinua nyundo tena. Watu wote hupanda juu, wanakaa, kamba inapimwa kutoka kila mdomo wa shimo, na mshipa unagawanywa pale yalipokutana. Kwa ndugu wawili kazi hiyo ingekwisha kabla ya mtungi mmoja wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Mashimo yetu yalipotobokeana, baba alisikia sepetu ya mdogo wake upande wa pili wa udongo, kisha akaona taa yake. Walitazamana, anasema, kama watu waliokutana chooni. Kila mmoja alirudi juu kumwambia sponsa wake, na hilo ndilo lilikuwa kosa, kwani desturi haina sponsa ndani yake. Papa Viatu alisema atakayeomba kikao kwanza atakuwa amekiri kwamba mshipa si wake. Alisema pia ipo njia rahisi: tairi na pilipili. Moshi unaingia upande wao, wanatoka wakikohoa, sisi tunaziba tundu kwa matofali na dunia inaendelea. Ilikuwa hila inayojulikana, na kwa kawaida iliua panya tu.

Walichagua Jumapili wakati wa misa, ili Pekin iwe tupu. Aliyeshuka kuwasha alikuwa Yaya Kalala, kaka yangu mkubwa, kwa sababu alikuwa mwembamba na alipita pale mabega ya baba yalipokwama. Aliniachia kandambili zake pembeni mwa shimo na kuniambia nikizivaa atanipiga. Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba Baba Mdogo naye alikuwa ameikosa misa. Alikuwa chini, akichimba haraka upande wa mshipa uliokuwa wetu, kwa hesabu ileile kwamba Washington itakuwa tupu. Hawa walikuwa ndugu wa tumbo moja. Walifikiri kwa kichwa kimoja hata walipoibiana.

Mama Ngalula, aliyebaki kuangalia mashine, aliona moshi ukitoka kwenye sakafu ya sebule yake, na mumewe alikuwa chini. Akafanya ambalo hata mimi ningefanya: alifungua mashine kubwa mpaka mwisho, ili upepo uusukume moshi utoke kwa mume wake. Ukatoka. Ukaja kwetu. Baba akauona unarudi upande wa mwanawe, akaifungua yetu mpaka mwisho. Mashine mbili zilipuliza, moja huku na moja kule, kila moja ikimwokoa mtu wake. Moshi ulikosa pa kwenda, ukabaki katikati, na katikati ndipo alipokuwa Yaya Kalala.

"Zima, mama," baba alimwita Mama Ngalula juu ya ukuta. "Mutoto iko ndani."

"Na bwana yangu iko ndani. Zima yako."

"Anza weye mbele."

"Nianze namna gani, naye atakufa? Anza weye."

Sikumbuki ni kwa muda gani waliitana hivyo. Nilikuwa mtoto, nimeshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa kaka yangu, na kamba ilikuwa ikitikisika, kisha ikawa haitikisiki. Baba aliivuta, ilikuwa imenasa kwenye kona ya mwamba. Wote wawili, baba na Mama Ngalula, walikuwa watu wema. Najua kwa sababu walinilea wote wawili. Kila mmoja alikuwa na mkono kwenye swichi, na kila mmoja alikuwa na haki.

Baba Mdogo alijitokeza mwenyewe, akitambaa, macho yamevimba kama ya chura. Aliposikia ni nani aliyebaki chini alikata waya wa mashine yao kwa sepetu na kurudi shimoni na kitambaa kilicholowa. Hivyo Yaya Kalala alitoka ardhini kupitia sebule ya Pekin, begani mwa mtu aliyekwenda kumfukuza. Alikuwa bado na joto. Jirani mmoja alisema labda amelala, na mama akamwomba jirani huyo aende kwake.

Papa Viatu alikuja matangani na gunia la unga. Alitoa pole, akakaa kidogo, viatu vyake vyeupe kama maziwa. Kisha akaenda chumbani na vijana wawili, wakaukunja mpira wa mashine taratibu, duara juu ya duara, wakaipakia mashine katika pikapu ileile iliyoleta unga. Ng'ambo ya ukuta nilisikia Papa Miwani naye anapakia yake. Wiki iliyofuata nilikuta lori moja barabarani limebeba magunia ya depo zote mbili, nikamuuliza dereva kwa nini ya Washington yako pamoja na ya Pekin. "Jiwe haina chama, mutoto," alisema. "Yote inaenda ku mashua." Wanasema tembo wakipigana nyasi ndizo huumia. Methali nzuri, ila aliyeitunga hakukaa hadi mwisho akaona tembo wakipanda lori moja.

Siku hizi nauza betri na chaja za simu. Wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Kasapa husimama kibandani kwangu wakibishana habari za vita baridi vipya: nani amepewa reli, nani amenyimwa mgodi, nani atatulinda dhidi ya nani. Wanaongea vizuri, wamesoma. Mmoja aliniuliza kama betri zangu ni za Wachina au za Wamarekani. Nikamwambia zimetoka chini ya kitanda cha mama yangu, akacheka na kuomba nipunguze bei. Sikupunguza. Zamani walituletea mashine ya kukohoa. Leo wanaleta mikataba, na depo zina viyoyozi. Udongo ni uleule. Kitu kimoja tu naona hakikuwapo enzi zetu: vijana wanaosema "sisi", kama baba mbele ya redio, sasa wanalisema hata kwa Kirusi kidogo.

Baba amelala kitandani tangu mvua zilipokatika na mganga wa zahanati ameacha kutuandikia dawa. Anachotaka ni kimoja, kumwona mdogo wake, anayeishi hatua chache kutoka mto wake wa kulalia na hajapita mlangoni petu tangu kiangazi kile. Baba Mdogo naye anataka. Mama Ngalula ameniambia analia. Lakini kwetu, damu ikiingia kati ya ndugu, hawali pamoja wala hawatembeleani mpaka mwenye kosa alete mbuzi. Wazee wa ukoo wamekaa mara mbili. Mara ya kwanza walisema mbuzi atoke kwa baba, aliyewasha moshi. Mara ya pili wakasema atoke Pekin, iliyousukuma. Nilijitolea kumnunua mimi. Wakanijibu kwamba kosa la mwingine halinunuliwi sokoni, hata na mimi.

Kwa hiyo nauliza ninyi mnaosoma, hasa wale wenye jamaa ubalozini. Huyo mbuzi nimdai wapi? Sichagui taifa, na mimi ni mtu wa kupatana bei: akiwa mwembamba nampokea, akiwa kilema nampokea, na wakininyima mbuzi nitashuka mpaka kuku. Ila mnijibu mapema. Baba hawezi kungoja waulizane nani aanze.