Fadhila na Mtungi wa Baridi

Fadhila binti Amissi aliingia maabara ya mifugo ya Bujumbura kama mfagiaji, akiwa na miaka kumi na tisa. Baba yake alikuwa fundi magari huko Buyenzi, na kwake alijifunza kukaa karibu na anayejua kazi na kumtazama mikono. Vita vilipoanza, wataalamu wakawa wanakimbia mmoja mmoja, na kila aliyeondoka alimwachia Fadhila kitu cha kushika. Kwanza funguo, kisha daftari, mwisho mtungi wa azoti, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, ambayo mbegu za madume hukaa ndani yake miaka na miaka bila kuharibika. Kufikia mwaka 2002 yeye ndiye aliyepima azoti kwa kijiti kila asubuhi, na yeye ndiye aliyefunga lakiri ya waya kifunikoni, ili ijulikane mtungi ukifunguliwa njiani. Mkuu wake, Daktari Népomuscène, alitia sahihi tu.

Na hata hiyo sahihi ilikuwa taabu. Daktari aliishi upande mwingine wa mji, na siku za mapigano hakuweza kufika. Basi akaacha kwenye droo fomu tano tupu za vyeti, zimeshapigwa muhuri na kusainiwa. "Za dharura," alisema.

Fadhila hakuzipenda fomu zile, akawa anatembea nazo mkobani zisiibiwe. Mumewe, Ilyasi, alitoka asubuhi moja ya mwaka 1995 kwenda Gatumba kununua vitenge, na hakurudi tena. Alipokwenda kuomba karatasi ya kifo, karani alimwandikia kwamba mumewe "amehamia nje ya nchi", kwa kuwa neno jingine lingemletea karani maswali. Fadhila aliipokea, maana watoto walihitaji kuandikishwa shule. Tangu siku hiyo, akiambiwa aandike jambo, mkono wake ulikuwa mzito.

Mwezi wa kwanza mwaka huo wa 2002 alifika maabara Bwana Thabit, mfanyabiashara mwenye duka Rohero, ambaye mababu zake walitoka Omani. Alikuwa na farasi mmoja dume, Najmi, wa mwisho katika uzao uliofugwa na ukoo wao tangu zamani. Binamu yake Hamood, aliyekuwa Maskati, alitaka damu ya Najmi isipotee. Farasi mwenyewe hakuweza kusafiri, lakini mbegu zake zingeweza.

Masharti yalikuja kwa faksi, kurasa nne. Farasi akae siku arobaini ndani ya banda lenye wavu mwembamba, asiumwe hata na kijidudu kimoja, asikutane na farasi mwingine, apimwe damu mara mbili. Kila mrija wa mbegu uandikwe jina na tarehe. Mtungi uoshwe kwa dawa, utiwe azoti mpya, ufungwe kwa lakiri yenye namba, na namba hiyo iandikwe kwenye cheti. Lakiri ikikatwa njiani, mzigo unaweza kukataliwa na kuteketezwa.

Fadhila alikwenda bandani siku zote arobaini. Alishona wavu ulipochanika, akaandika joto la farasi asubuhi na jioni. Mirija arobaini ikapatikana. Jumanne moja ya mwezi wa tatu akaifunga mtungini kwa lakiri namba 417, na mtungi ukapakiwa nyuma ya gari la Bwana Thabit. Ndege ilikuwa iondoke saa saba mchana. Dereva alikataa kwenda, maana tangu alfajiri milio ilikuwa inasikika upande wa Buterere, kwenye mashamba ya mpunga. Bwana Thabit akashika usukani mwenyewe.

Karibu na njia ya Buterere walikuta kizuizi. Wanajeshi sita, nguo zimelowa matope mpaka magotini. Kaporali akasogea.

"Muko na nini nyuma?"

"Mbegu za farasi, shefu," Fadhila akajibu, akimnyoshea cheti. "Zinaenda ku ndege."

Kaporali hakukitazama. Macho yake yalikuwa kwenye mtungi, mnene, wa chuma, shingo nyembamba.

"Fungua."

"Apana, shefu. Ukifungua, itakuwa imeharibika. Soma hapa."

"Nimesema fungua!"

Bwana Thabit jasho lilikuwa linamtiririka, akitazama saa yake. Akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti: "Utafunguaje? Imefungwa na risasi hiyo!"

Alikuwa na maana ya yale madini laini ya lakiri. Lakini pale barabarani, siku ile, neno risasi lilikuwa na maana moja tu. Fadhila alisikia bunduki zikikokiwa zote kwa pamoja. Kabla hajafungua mdomo alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, kiatu cha mtu mgongoni, na Bwana Thabit amevutwa nje ya gari kwa kola.

"Wanapelekea waasi risasi!" mmoja akapiga kelele.

"Si ya bunduki!" Fadhila akasema, matope yakimwingia mdomoni. "Ni risasi ya kuyeyusha, shefu! Ile wavuvi wanafunga ku nyavu izame! Angalia hiyo kamba, angalia!"

Kiatu hakikuondoka. Akasikia kaporali akipanda garini, kisha mlio mdogo wa waya ukikatwa kwa kisu.

"Usitie mukono!" akapiga kelele. "Baridi yake inaunguza kama moto!"

Kifuniko kikanyanyuliwa. Moshi mweupe ukafurika shingoni mwa mtungi, ukashuka ubavuni mwa gari, ukatambaa barabarani. Wanajeshi wakatawanyika. Mmoja akafyatua hewani. Kaporali aliruka chini, akaanguka kwa goti, akabaki amekodoa macho mpaka moshi ulipokwisha kama haukuwapo.

Fadhila alikuwa ameshasimama. Hakuomba ruhusa. Alipanda garini, akachovya kijiti, akasoma: azoti ilikuwa ya kutosha. Hakuna mrija uliopandishwa. Akafunga kifuniko, akatoa koleo kwenye mkoba, akabana lakiri mpya. Namba 418.

Bwana Thabit alikuwa amerudi kwenye usukani, shati limechanika. "Fadhila mwanangu," alinong'ona, "fomu tupu unazo kwenye mkoba, nimeziona. Jaza mpya, weka namba mpya, twende. Nani atajua?"

Angeweza. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alizishika zile fomu, akaona sahihi ya daktari chini, imetangulia maneno. Akazirudisha mkobani. Kisha akageuka, akamwendea kaporali.

"Shefu, naomba jina yako."

"Jina yangu ya nini?"

"Niandike nyuma ya cheti kama ulikata, ukaangalia, akuna kitu ulitoa wala kutia."

Kaporali akamsogelea mpaka Fadhila akasikia harufu ya tumbaku. "We mama, unajua inamufikia nini mutu anayeandika jina ya mwanajeshi?"

"Najua. Lakini siandiki ubaya. Naandika kazi yako uliifanya. Bila jina, kule watasema ni mi niliiba."

Mlio mwingine ukatoka upande wa mpunga, karibu zaidi. Wote wakainama, isipokuwa Fadhila, ambaye hakuwa na nafasi kichwani ya kuogopa vitu viwili. Aliandika maelezo nyuma ya cheti pamoja na namba 418, akamnyoshea kalamu. Kaporali akaitazama, akaichukua, akakilaza cheti kwenye boneti, akaandika: Astère, kaporali, saa tano na nusu. Jina la pili aliliacha.

"Toka hapa," akasema.

Walifika uwanjani mlango wa mizigo ukikaribia kufungwa. Mtungi ukaondoka.

Daktari Népomuscène aliposoma nakala ya cheti alishika kichwa. "Umeniweka karatasi moja na mwanajeshi!" Hata hivyo aliweka sahihi yake chini ya maelezo, tarehe ya siku ile. Zile fomu tupu akazichana.

Maskati waliuzuia mtungi kwa ajili ya lakiri iliyokatwa. Miezi mitatu ulikaa chini ya ulinzi, mirija miwili ikayeyushwa na kupimwa magonjwa. Hamood alipiga simu kwa hasira, na Bwana Thabit akamtumia Fadhila ujumbe kwamba asikanyage tena bandani kwake. Katikati ya kungojea huko, majani yalikoma kushuka kutoka milimani kwa sababu ya mashambulizi barabarani. Najmi alilishwa pumba, akapata msokoto wa tumbo, akafa mwezi wa tano. Fadhila alisikia habari hiyo sokoni. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Mwezi uliofuata mirija thelathini na minane ikaachiliwa.

Bwana Thabit hakuja kumwambia wakati huo. Alikuja mwaka uliofuata, mwezi wa nane, mabomu yaliyoangukia mji mwezi wa saba yakiwa yametulia kidogo. Fadhila alikuwa uani Buyenzi akichagua maharage. Mzee alibisha hodi, akakaa kwenye kibao, akatoa picha mfukoni: farasi mchanga, miguu mirefu, kwenye mchanga mweupe.

"Jike," akasema. "Tulikuwa na haraka siku ile. Mimi nilikuwa na haraka."

Fadhila alijifuta mikono, akaishika picha. "Anakula vizuri?"

"Sijui. Nitamuuliza Hamood."

"Muulize," Fadhila akasema, akainuka kumtilia chai.