Mikono ya Mama kwenye Blogu Isiyo Yangu

Mimi ndiye niliyeanza. Hilo lieleweke kwanza. Mke wa mdogo wangu hajajua hata blogu ni nini, mimi nilikuwa nimeshaandika kurasa na kurasa juu ya liboke ya Mama: samaki wake, pilipili yake, namna anavyofunga majani kifurushi kikakaa juu ya moto bila kuvuja hata tone. Nilitaka kitu kimoja tu. Mtu popote alipo akitafuta liboke kwenye intaneti, amkute Mama, na amkute kwangu.

Picha niliweka, tena nzuri. Nilivuka mto kwa pirogi hadi Lubunga, anakokaa Mama pamoja na mdogo wangu na mkewe, nikamwambia Mama avae. Kwetu mtu mzima hapigwi picha na nguo za jikoni, watu watasema humheshimu. Akavaa kikwembe kipya, akafunga kitambaa kichwani, akasimama wima mbele ya pazia la sebule, hacheki. Nikapiga, nikavuka kurudi kabla mvua haijashuka. Nyumbani niliipandisha picha na jina lile lile ililopewa na telefone, tarakimu tupu. Sasa niambie, mtu anayetafuta liboke atafikaje kwa mama aliyesimama mbele ya pazia? Bon, hayo nayajua leo. Wakati ule wasomaji wangu walikuwa binamu zangu, na mimi mwenyewe nikifungua kuangalia kama kuna mtu.

Kisha yule binti, mke wa mdogo wangu, akafungua blogu yake. Maneno yake, aka, mistari miwili mitatu tu. Picha ndizo zilizojaa. Majani yakipitishwa juu ya moto yalainike. Samaki akilazwa katikati. Vidole vikikunja pembe, halafu kamba ikizungushwa na kukazwa. Ni mikono ya Mama mitupu, ina majivu, na kwenye kidole gumba lipo lile kovu ninalolijua tangu utoto. Uso hakuthubutu kuupiga. Huyo ni mama mkwe wake, aliona haya kumwelekezea telefone usoni. Na haya hiyo ndiyo iliyompa bahati, maana anayetaka kujua liboke inafungwaje anatafuta mikono, uso wa mtu atafanyia nini?

Nilipomuuliza alifanyaje hadi watu wakamiminika, alinieleza yote bila kuficha, na hapo ndipo aliponiudhi zaidi. Alisema kila picha anaibadilisha jina kabla ya kuipandisha, anaiita kwa maneno ambayo mtu angeandika akiwa anatafuta. Chini yake anaandika kinachoonekana. Halafu anaipunguza uzito, ifunguke hata rezo ya simu, mtandao, ikiwa mbovu. Donc ni hayo tu! Nilicheka kwa meno ya juu, nikampa hongera.

Niliona wivu, wivu wa kukosa hamu ya kula. Mwanamke mmoja wa Ubelgiji, aliyeondoka hapa akiwa mdogo, alimwandikia kwamba amefunga liboke yake ya kwanza huku telefone ameiegemeza kwenye sufuria, anafuata vidole vya Mama kimoja kimoja. Ujumbe ule ulikuwa wangu. Mama ni wangu, mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake, huyu binti aliletwa na ndoa.

Basi nikavuka kwenda kumchongea. Ndiyo, kumchongea, sioni neno lingine. Nilijua Mama atakasirika tu: mikono ina majivu, kucha hazijasafishwa, na dunia nzima inaangalia. Nilimkuta uani anapepea mkaa, mkwe wake amekwenda sokoni. Nikafungua ile blogu, nikampa telefone, nikamwambia aone jinsi mkwewe anavyomwaibisha.

Mama aliangalia kwa muda mrefu. Alipitisha picha kwa kidole, moja baada ya nyingine, hadi ile ya mwisho. Chini yake paliandikwa: mikono ya mama yangu ikifunga liboke, Kisangani. Mama yangu! Nilimsomea kwa sauti, tena nikarudia, asikie mwenyewe ujasiri wa huyu mtu. Nikawa nasubiri alipuke.

Hakulipuka. Alinirudishia telefone taratibu.

"Ile siku alikala na miye mpaka liboke inaiva," alisema. "Weye ulinivalisha, ukapiga, ukaenda."

Nilitaka kusema mvua ilikuwa inakuja. Yeye alikuwa ameshapita hapo. Aliniambia nimtumie mjomba wetu, tonton wa Banalia, zile picha, na mashangazi wote, na watoto wao walioko mbali, waone. Roho iliniuma vibaya. Nikamuuliza kama nitume pia ile yangu, ile ya kikwembe kipya, ambayo angalau anaonekana uso.

"Ile uchunge," alisema, na akarudia kupepea mkaa wake. "Iko ya matanga yangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyoniagiza chumvi. Nikakaa pale kwenye kigoda na telefone mkononi, nikamtumia tonton kiungo cha blogu ya yule binti, nikawatumia mashangazi, nikatuma kwa ukoo mzima, na mmoja mmoja wakaanza kufungua kwake.