Hadi Mlangoni

Harufu ya mafuta ya mnyonyo yakipashwa moto hunirudisha mpaka leo kwenye chumba cha Bibi, kule kijijini kwetu Ufipa: dirisha dogo, blanketi tatu, na upepo wa kipupwe ukipenya chini ya mlango.

Bibi aliteleza uani akianua ulezi, akavunjika nyonga. Hospitalini mjini Sumbawanga walimfanyia upasuaji, wakamwagiza mama amsimamishe kila siku, atembee hata kama analia. Mama aliitikia kwa adabu zote. Tulipofika nyumbani akasema, "Mzee aliyevunjika unamsimamishaje? Huo si utu." Akamlaza, akawa anamchua kwa mafuta na kumlisha uji kwa kijiko. Mimi niliwekwa kumlinda asiinuke. Nikitoka shule nilikaa kwenye kigoda, nikiwasikia wenzangu wakicheza rede nje. Nilikichukia chumba kile, na Bibi alijua.

"Mke mwenzangu," alinitania, "mimi nimefungwa kwa kuvunjika. Wewe kosa lako nini?"

Jirani yetu Bibi Kabula, Msukuma wa familia ya wafugaji, alikuwa amevunjika nyonga vilevile, akatibiwa hospitali hiyohiyo. Mke wa mwanawe alimtembeza kila asubuhi kando ya zizi, na kilio chake kilitufikia mpaka ndani. Mama alitikisa kichwa. "Wale hawana huruma," alisema. Nasi tukajivunia ukimya wa nyumba yetu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Bibi Kabula alikuja kumjulia hali mwenzake, peke yake na mkongojo wake. Bibi hakumtazama usoni, alimtazama miguu. Mgeni alipoondoka, Bibi akamwambia mama, "Nishushe, mwanangu. Nifike hadi mlangoni tu."

Safari hii mama alikubali. Tulimshika huku na huku, lakini miguu ilikuwa imekonda, ikakataa. Tukamrudisha kitandani, akageukia ukuta. Tangu siku hiyo hakunitania tena.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba kilichomfunga Bibi hakikuwa mfupa. Tulimfunga sisi, na tulimpenda kweli.

Mwaka huu ameanguka mama, nyonga ileile. Yuko kwangu mjini Sumbawanga, mtaa wa Katandala. Kila asubuhi namsimamisha. Analia, ananiita katili, na majirani wanasikia. Naumia sana. Jioni namchua kwa mafuta yale yale.

Jana alifika mlangoni. Akashika fremu, akatazama barabarani kwa muda mrefu.

"Kumbe mama alitaka kufika hapa tu," akasema.